Mshipa Uliokataa Kufumba (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi mtoto, angali tumboni mwa mamaye, apatavyo hewa yake kwa damu ipitayo kwenye kondo, wala si kwa mapafu. Na kwa kuwa mapafu hayo yangali yamelala, Muumba amejaalia mshipa mfupi uunganishao ule wa mapafu na ule mkuu utokao moyoni, ili damu ipite njia ya mkato. Azaliwapo na kulia kilio cha kwanza, mshipa huo hujikaza hata ukafumba, aghalabu katika siku 3, kisha baada ya majuma machache hugeuka ugwe mkavu.

Leo twawatazama wale ambao haukufumba, wakakua nao hata utu uzima. Miongoni mwa sababu zijulikanazo ni kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, na maradhi ya rubela yampatayo mama mimba ingali changa. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2016, ni kinga ya moyo wa mtoto hata kabla mimba yake haijatungwa.

Tabibu awekapo kipimo chake chini ya mtulinga wa kushoto, husikia mvumo usiokatika kati ya pigo na pigo, mfano wa mashine ya kusaga mahindi isikiwayo kwa mbali siku ya soko pale Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mwenyewe huenda asihisi kitu kwa miaka mingi, isipokuwa kuishiwa pumzi apandapo kilima na kikapu cha majani chai. Ilhali damu izidiyo, irudiyo kwa mshipa huo kutoka ule mkuu, huyalemea mapafu usiku na mchana, hata mishipa yake ikawa migumu. Hapo mkondo hugeuka: damu isiyo safi hupitia mshipa ule ikashuka miguuni, kwa kuwa huungana na mshipa mkuu baada ya matawi yaendayo kichwani na mikononi. Ndipo utaona ajabu, kucha za mikono ni nyekundu, za miguu ni za buluu. Na hali ikifika hapo, kuuziba ni kumdhuru mgonjwa.

Kabla ya hapo dawa ipo. Daktari mpasuaji Robert Gross aliufunga kwa uzi huko Boston mwaka 1938, kwa binti wa miaka 7, naye akapona. Siku hizi aghalabu kizibo hupitishwa ndani ya mshipa wa paja, pasi na kupasua kifua. Wagusii, ambao ababari wao, yaani waganga wapasuaji, walifungua mafuvu ya vichwa tangu kale, hawana haja ya kuliogopa jina la upasuaji. Mtoto na asikilizwe kifua mapema, maana mvumo ule unaponyamaza wenyewe ukubwani, huenda ikawa si kupona, bali ni mkondo kugeuka.