Ijue Wilaya ya Mafia: Ardhi Yake, Watu Wake na Uongozi Wake

Katika toleo hili tutaitazama wilaya ndogo ya visiwani, nayo ni Mafia, ili tujifunze namna mahali padogo panavyoongozwa.

Mafia imo katika Bahari ya Hindi, mkabala na delta ya mto Rufiji, na ni mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 50 hivi. Pembeni yake viko visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Makao makuu ya wilaya ni Kilindoni. Wasafiri wengi wa majini huvuka kutoka Nyamisati. Wenyeji wengi huishi kwa uvuvi na minazi. Huko Juani yapo magofu ya mji wa kale wa Kua, pamoja na misikiti yake.

Sasa tuangalie idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 40,801. Mwaka 2012 walikuwa 46,438, na mwaka 2022 wakafika 66,180. Yaani katika miaka kumi ya mwisho waliongezeka watu 19,742, hali miaka kumi ya kabla yake hawakuzidi 6,000. Ardhi haikuongezeka, wala bahari. Madarasa, zahanati, visima na samaki vinagawanywa kwa watu wengi zaidi. Je, ni nani anayeamua mgawanyo huo?

Uongozi huanzia chini. Kitongoji kina mwenyekiti wake. Vitongoji hufanya kijiji, na kijiji kina mwenyekiti aliyechaguliwa na wananchi, pamoja na mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Vijiji hufanya kata, na kila kata huchagua diwani. Madiwani hukaa katika Halmashauri ya Wilaya na humchagua mwenyekiti wao. Mkurugenzi wa halmashauri na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Ama bahari, sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye uongozi wake. Basi mvuvi mwenye shida ya nyavu na mama mwenye shida ya kisima hawaendi mlango mmoja.

Lakini wengi hawajui kwamba chombo kikubwa kuliko vyote kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliofikia miaka 18, wanaume kwa wanawake, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi, na hapo ndipo mwananchi ana haki ya kuuliza fedha ya kisima imekwenda wapi. Asiyehudhuria huja kulalamika barazani, na baraza haina muhtasari wala kura.

Wanafunzi, nyinyi bado hamna kura. Hata hivyo, ulizeni nyumbani: mwenyekiti wetu wa kitongoji ni nani? Mkutano wa mwisho ulikuwa lini? Nani kati yetu alihudhuria? Uongozi ni amana, na amana huulizwa na mwenyewe.