Picha za Miradi: Jinsi ya Kupanga Nguvu ya Flashi kwa Mkono



Kila robo mwaka tunapokea picha kutoka sharikani kwa ajili ya taarifa za miradi. Nyingi hupigwa ndani ya madarasa, zahanati na kumbi za mikutano, au jioni wanavikundi wanaporudi kutoka shambani. Katika baadhi ya picha hizo ukuta uliopakwa chokaa unaonekana vizuri na mashati meupe yanaonekana vizuri, lakini nyuso za watu zimekuwa vivuli. Mfadhili akiitazama anaona jengo, walengwa hawaoni. Na mtu aliyekubali kupigwa picha amekubali aonekane. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza namna ya kupanga flashi kwa mkono, kwa wale wenye kamera ya dijitali inayopokea flashi ya kuchomeka juu yake.

Kwa nini otomatiki hukosea?

Katika mpango wa otomatiki, flashi hutoa mmweko mdogo kabla ya picha yenyewe. Kamera hupima mwanga unaorudi, kisha huamua nguvu ya mmweko mkuu. Lakini kamera haijui inatazama nini. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu. Ukuta mweupe ukirudisha mwanga mwingi, kamera hupunguza flashi na nyuso huwa nyeusi mno. Kwaya yenye majoho meusi ikirudisha mwanga kidogo, kamera huongeza flashi na nyuso hupauka. Flashi iliyopangwa kwa mkono hutoa kiasi kilekile kila mara, bila kujali rangi ya nguo wala ya ukuta.

Mambo manne ya kuzingatia

1. Nguvu ya flashi. Hupangwa kwa sehemu: 1/1 ni nguvu yote, kisha 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu.

2. Umbali kati ya flashi na mtu. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia hubaki robo.

3. Tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/4 hupitisha mwanga mara nne zaidi ya f/8.

4. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. ISO 400 ni mara nne ya ISO 100.

Kasi ya shata haiongezi wala kupunguza mwanga wa flashi, kwa sababu mmweko ni wa muda mfupi sana. Kasi hiyo hutawala mwanga wa dirisha na wa taa. Hata hivyo isizidi kikomo cha kamera, ambacho kwa kamera nyingi ni karibu 1/200 au 1/250. Ukikizidi, sehemu ya picha hutoka nyeusi.

Hesabu yenyewe

Kitabu cha flashi hutaja namba inayoonyesha uwezo wake kwa ISO 100 na nguvu yote. Gawanya namba hiyo kwa umbali wa mita, utapata tundu la lenzi. Tuseme namba ni 32. Mtu akiwa mita 4, 32 gawanya kwa 4 ni 8. Basi weka f/8.

Ukipandisha ISO hadi 400, namba huongezeka mara mbili na kuwa 64. Ukishusha nguvu hadi 1/4, namba hupungua nusu na kurudi 32. Kwa hiyo ISO 400, nguvu 1/4 na f/8 vinatosha vilevile kwa mita 4, na betri hudumu zaidi. Ukisogea hadi mita 2, shusha nguvu hadi 1/16 bila kugusa kitu kingine. Angalieni pia kwamba baadhi ya watengenezaji hutoa namba ya pale kichwa cha flashi kinapokuwa kimebana mwanga. Kikitawanya mwanga, namba halisi ni ndogo zaidi.

Hatua za kufuata

- Weka kamera kwenye M, na flashi pia kwenye M.
- Ndani ya ukumbi anza na ISO 400, shata 1/60 na f/8.
- Kadiria umbali kwa hatua za miguu, kisha panga nguvu ya flashi.
- Piga picha moja ya majaribio. Ikuze kwenye skrini na utazame uso, si ukuta.
- Uso ukiwa mweusi, pandisha nguvu hatua moja. Ukipauka, shusha hatua moja.
- Subiri taa ya flashi iwake ndipo upige tena.

Picha za vikundi

Hapa ndipo penye matatizo mengi. Safu ya mbele ikiwa mita 2 na ya nyuma mita 3, walio nyuma hupata chini ya nusu ya mwanga wa walio mbele. Mpiga picha akirudi nyuma ili safu ziwe mita 5 na 6, walio nyuma hupata karibu asilimia 70. Kwa hiyo rudi nyuma, ongeza nguvu, kisha bana picha kwa lenzi. Kama kuna dari nyeupe, unaweza kuelekeza flashi juu ili mwanga ushuke kwa upole. Utahitaji kuongeza nguvu hatua mbili au zaidi. Penye bati tupu njia hii haifai.

Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera ina uwezo mdogo. Yenye namba 12, kwa f/4 na ISO 100, hufika mita 3 tu. Kupiga madhabahu ukiwa mlangoni kwa flashi hiyo ni kupoteza betri. Taa ya simu ni dhaifu zaidi. Wenye simu wawasogeze watu karibu na dirisha, nyuso zikielekea kwenye mwanga.

Tunazishauri kamati za sharika zichague watu wawili wa kujifunza utaratibu huu, na wafanye mazoezi kabla ya siku ya makabidhiano. Siku hiyo hairudiwi. Kisima kitaendelea kuwepo na kinaweza kupigwa picha wakati wowote, bali akina mama waliochimba mitaro yake hukusanyika mara moja.