MAWE KATIKA FIGO: USINGOJE MPAKA UZIDIWE

Ndugu mkulima, pengine umemwona mtu mwenye afya, aliyeshika jembe tangu alfajiri, mara akajikunja chini akishika ubavu na kutapika. Wenzake husema ni tumbo, au amerogwa. Mara nyingi ni jiwe dogo tu lililotoka katika figo na kukwama njiani.

Ugonjwa huu si wa ajabu, wala si wa Liboi peke yake. Huko Marekani, uchunguzi wa miaka 2007 hadi 2010 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 11, mmoja amepata kuugua mawe ya figo. Katika nchi za joto kali, kama Bara Arabu, nako ni mwingi. Na mtu aliyeugua mara moja ni rahisi kuugua tena.

Jiwe hutokea hivi: kazi za figo ni kuchuja damu na kutoa takataka pamoja na maji. Jasho likitoka jingi na maji yakinywewa kidogo, mkojo huwa mzito, na chumvi zilizomo hugandamana, kama ule ukoko mweupe ushikao ndani ya birika. Wengi hulaumu maji ya kisima kwa kuwa yana chumvichumvi. Lakini kosa kubwa zaidi ni kunywa maji machache mno.

DALILI
Maumivu makali huanza ubavuni au mgongoni, chini ya mbavu, yakashuka hadi kinena. Mkojo waweza kuwa na damu. Lakini wewe uingiaye katika mifereji ya kumwagilia shamba, kumbuka kuwa damu katika mkojo yaweza pia kuwa kichocho. Usibahatishe, peleka mkojo ukapimwe.

Maumivu yakifuatana na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, nenda hospitali siku ile ile. Figo iliyozibwa ikaingia usaha yaweza kumwua mtu upesi. Kutoka Liboi hadi Dadaab ni karibu kilomita 80, na kutoka Dadaab hadi Garissa ni karibu 100 tena. Kwa hiyo anayengojea kesho huenda akachelewa.

KAZI YA HOSPITALI
Kwanza mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, hupimwa mkojo na damu, na hupigwa picha. Jiwe lisilozidi milimita 5, yaani kama punje ya mtama, mara nyingi hutoka lenyewe. Kubwa zaidi huhitaji kazi ya daktari. Iko mashine ivunjayo jiwe kwa mawimbi bila kupasua ngozi, iliyotumiwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Iko njia ya kupitisha bomba jembamba lenye taa katika njia ya mkojo na kulivunja jiwe huko huko. Mawe makubwa sana hutolewa kwa tundu dogo mgongoni. Kupasua ubavu wote, kama zamani, sasa ni kwa nadra. Daktari wa Garissa atakueleza kama yafaa uende Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.

LA KUFANYA NYUMBANI
1. Kunywa maji lita 3 kwa siku, na zaidi ufanyapo kazi juani. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umepungukiwa.
2. Punguza chumvi, na usile nyama kupita kiasi.
3. Usiache maziwa. Wengine huyaogopa, lakini maziwa pamoja na chakula hupunguza hatari ya mawe.
4. Mwezi wa Ramadhani, kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Mwenye mawe na amwulize daktari kabla ya kufunga.

Uendapo shamba, chukua jembe, na chukua pia kibuyu au mtungi wa maji. Jioni urudi nao ukiwa mtupu.