Mti ni Dawa, Kipimo ni Uhai

Kwa wazee wengi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mti si kuni na kivuli tu. Mshubiri una kazi yake, majani machungu ya mmea uitwao na wataalamu Vernonia amygdalina yana kazi yake. Siku hizi maarifa hayo yanaulizwa swali jipya: je, yanaweza kutibu ugonjwa wa sukari?

Swali hili ni zito. Uchunguzi wa vijijini nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wagonjwa hawafiki mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila watu wazima 100.

Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, mwili huzalisha kwa wingi chembechembe kali zinazoharibu mishipa, mithili ya kutu inavyokula bati. Ndipo macho, figo na miguu hudhurika. Mimea mingi ina kemikali ziitwazo fenoli, ambazo katika maabara huzima ukali huo. Vernonia na mshubiri vimeonekana kushusha sukari ya panya wa majaribio. Lakini panya si mtu, wala chupa ya maabara si mwili.

Tujifunze kutokana na mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa kale. Ndani yake ilipatikana guanidini, ishushayo sukari lakini yenye sumu. Wataalamu wakatafuta kemikali ya ukoo huo iliyo salama zaidi, wakapata metfomini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922. Ni mwaka 1957 ndipo Jean Sterne wa Ufaransa alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Leo vidonge hivyo humezwa duniani kote. Mmea ulionyesha njia, na kipimo kikaleta dawa.

Hapa nchini kazi ya namna hiyo ilianza Muhimbili mwaka 1974, kilipoundwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi. Hivyo mganga na mtaalamu hawana sababu ya kudharauliana.

Mama au baba mwenye mgonjwa nyumbani azingatie haya. Mtoto anayeishi kwa insulini akiiacha kwa ajili ya mizizi, anaweza kufa katika siku chache. Anayechanganya vidonge na dawa ya kienyeji anaweza kushukiwa na sukari mpaka akazimia. Kwa hiyo mweleze daktari kila unachokunywa, bila haya, na sukari ipimwe mara kwa mara.

Nao wazee waulizwe majina na matumizi ya miti yao, yaandikwe, na miti yenyewe isikatwe ovyo. Mti uliokwisha kutoweka haupelekwi maabara.