Gapi hakai na kila jirani: somo la tangi kwa wauza samaki wa mapambo

Mpangaji wa chumba kimoja Wandegeya, mtaa uliobanana kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na hospitali ya Mulago, hana pa kufuga mbwa wala kuku. Tangi la kioo la lita 60 lakini linatosha juu ya meza, na samaki ambaye wengi huanza naye ni gapi: mdogo, mwenye mkia wa rangi na mwepesi wa kuzaa.

Matatizo huanza siku mwenye tangi anapoongeza samaki wengine bila kuuliza. Kesho yake mikia imekatwakatwa. Baada ya wiki moja amebaki samaki mmoja, ameshiba. Mteja huyo hamlaumu samaki, humlaumu aliyemuuzia. Ndiyo maana mfanyabiashara anayeongeza samaki wa mapambo kwenye bidhaa zake anapaswa kujua mambo matatu kabla ya kumchanganyia mteja aina mbili kwenye mfuko mmoja: mdomo, tabia na maji.

Kwanza mdomo. Gapi dume hufikia sentimita tatu hivi, na samaki yeyote anayeweza kummeza, siku moja atammeza. Enjelifishi huuzwa akiwa mdogo na mpole, kisha hukua. Kambare na sato wachanga kutoka ziwani ni vivyo hivyo.

Pili tabia. Barbu wa milia hung'ata mikia mirefu. Beta dume anaweza kumdhania gapi mwenye mkia mpana kuwa mpinzani wake. Furu wa Ziwa Victoria, ambao Waganda huwaita nkejje, na jamaa zao wa maziwa Tanganyika na Malawi wanaosafirishwa hadi Ulaya, wana soko lao, lakini hulinda eneo kwa ugomvi. Hao wawe na tangi lao.

Tatu maji. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria. Yana chokaa kidogo, na gapi hupenda chokaa. Kiganja cha maganda ya konokono wa ziwani, yale yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku, yakioshwa vizuri na kuwekwa ndani ya kichujio huongeza chokaa polepole. Maji mapya yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Joto linalomfaa gapi ni nyuzi 22 hadi 28, hivyo usiku wa baridi hita ndogo husaidia. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi zaidi, hukua sana na huchafua tangi, kwa hiyo hafai kuwa jirani yake.

Wanaofaa ni plati na moli, ambao nao huzaa watoto hai na hupenda maji kama ya gapi, ingawa moli huhitaji nafasi kubwa zaidi. Koridora pia anafaa: hutafuta chakula chini, juu ya mchanga laini, na hupenda kuishi kundi la watu sita au zaidi wa aina yake. Kwa kila gapi dume, wawepo majike wawili au watatu, la sivyo majike husumbuliwa hadi kudhoofika.

Muuzaji amweleze mteja pia kwamba jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa takriban kila mwezi, na tangi likajaa.

Anayevusha samaki hai Busia, Malaba au Mutukula aulizie mapema kibali cha afya kwa idara ya uvuvi ya nchi anakokwenda. Akifika, awatenge wageni wiki mbili au tatu, kwani ugonjwa wa samaki mmoja humaliza mtaji mzima.

Na ziada isimwagwe mtaroni wala ziwani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Alileta viwanda na fedha za kigeni, lakini kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepungua au kutoweka. Tangi likiharibika humwagwa likajazwa upya. Ziwa la nchi tatu haliwezi. Muuzaji anayekubali kurudishiwa watoto wa gapi hupata bidhaa mpya bila nauli ya kuifuata mpakani.