Joto Mahususi la Metali

Vipande viwili vya metali, kimoja cha alumini na kingine cha risasi, kila kimoja cha gramu 100, vikikaa ndani ya maji yanayochemka kwa muda wa kutosha, vyote hufikia nyuzi 100 za Selsiasi. Yaweza kudhaniwa kwamba vimebeba joto sawa, lakini sivyo. Kila kipande kikihamishiwa upesi katika gramu 200 za maji ya nyuzi 25, alumini huyapandisha maji hayo hadi nyuzi 32 hivi, ilhali risasi huyafikisha nyuzi 26 tu.

Tofauti hiyo hutokana na joto mahususi, yaani kiasi cha joto kinachohitajiwa ili halijoto ya gramu moja ya kitu iongezeke kwa nyuzi moja. Kwa alumini ni jouli 0.90, chuma 0.45, shaba 0.39 na risasi 0.13.

Je, tarakimu hizi zina utaratibu wowote? Mwaka 1819 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Pierre Louis Dulong na Alexis Thérèse Petit, walionyesha kwamba zinao. Walizidisha joto mahususi la kila elementi kwa uzani wake wa atomi, wakapata majibu yanayokaribiana. Kwa vipimo vya leo:

alumini: 0.90 × 27 = 24.3
chuma: 0.45 × 56 = 25.2
shaba: 0.39 × 64 = 25.0
risasi: 0.13 × 207 = 26.9

Maana yake ni kwamba kila atomi, iwe nzito au nyepesi, huhitaji takriban nishati ileile ili mtetemo wake uongezeke kwa nyuzi moja. Gramu moja ya alumini ina atomi nyingi kuliko gramu moja ya risasi, zaidi ya mara saba. Ndiyo sababu hubeba joto jingi zaidi.

Kanuni hii iliwasaidia wanakemia wa karne ya 19 kusahihisha uzani wa atomi uliokuwa ukibishaniwa. Hata hivyo ina mpaka wake: katika baridi kali joto mahususi hupungua sana, jambo ambalo Albert Einstein alilieleza mwaka 1907 kwa nadharia ya kwanta.

Hivyo mwanafunzi mwenye mizani, kipimajoto na kipande cha metali asiyoijua aweza kupima joto lake mahususi, kisha kugawanya 25 kwa jibu hilo. Atapata, kwa makadirio, uzani wa atomi asizoweza kuziona.