Prosesa Inakataa Kusukumwa: Niirudishe?

Wandugu wahitimu na wanafunzi, swali hili lilininyima usingizi siku tatu. Nilinunua prosesa Core i5-8600K dukani hapa Goma, na pesa ya video za harusi. Kiwanda kinaandika mwendo wake: gigahezi 3.6, na inaweza kupanda yenyewe hadi 4.3. Rafiki yangu ana ya aina hiyo hiyo, ameisukuma hadi 5.0. Yangu ikipita 4.6, mashini inazima. Nikawaza: kesho namwambia mwenye duka imekufa, anipe ingine.

Lakini imekufa kweli? Prosesa nyingi zinakatwa kwenye sahani moja ya silikoni, ila watoto wa tumbo moja hawafanani. Moja inatosheka na volti kidogo, ingine inadai nyingi, na volti zikiongezeka joto linapanda mbio. Kiwanda kinaahidi ule mwendo ulioandikwa tu. Unaozidi hapo ni bahati yako.

Basi nikarudisha mipangilio ya kiwanda, nikaipa kazi nzito masaa mengi. Haikuzima hata mara moja. Iko nzima! Ingezima hapo, ningeirudisha bila haya, maana ni haki ya mnunuzi. Lakini nikidanganya, hasara itamwangukia mwenye duka, ama atakayeinunua nyuma yangu, pengine mwanafunzi kama mimi.

Nimebaki nayo kwa 4.5. Video zinatoka, na dukani ninapita bila kuinamisha kichwa. Na wewe, ungefanya namna gani?